KAZI NA RIZIKI: Mwosha Vioo wa Isiolo na Wateja Wake

Kazi mbaya si mchezo mwema. Ndivyo walivyonena wahenga, na neno lao lafaa kukumbukwa na kila kijana aliyemaliza shule akakosa kiti cha ofisini. Ziko kazi nyingi ambazo vijana wasomi huzipita njiani wakizidharau, na mojawapo ni kuosha vioo vya maduka na maofisi. Husemwa ya kuwa hiyo ni kazi ya mtoto wa kufagia. Lakini katika miji mingi ya dunia kazi hiyo imelisha watu na jamaa zao kwa miaka mingi. Mwitalia mmoja aitwaye Ettore Steccone, aliyehamia Marekani, alikuwa mwosha vioo katika mji wa Oakland. Mnamo mwaka 1936 alibuni kipangusio chepesi cha shaba chenye ukanda mmoja wa mpira, na kampuni aliyoianzisha yauza vipangusio hata leo. Basi heshima ya kazi haina shaka. Lililo gumu ni kumpata mtu wa kulipa, tena kumpata kila juma. Hilo ndilo la kutazamwa leo, na mji wa kutazamia ni Isiolo.

Vioo vimekuja, vumbi halikuhama

Kwa miaka mingi lami itokayo Nairobi ilikoma Isiolo, na gari lililokwenda Marsabit liliuaga mji huo na kuingia katika mawe na vumbi. Katika miaka ya 2010 lami iliendelezwa hata Moyale, mpakani mwa Ethiopia, mwendo wa kilomita kama 500. Mwaka 2013 serikali za kaunti zilianza kazi kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, na Isiolo ukawa makao makuu ya kaunti yake. Mwaka 2017 jengo la abiria la uwanja wa ndege wa kimataifa lilifunguliwa. Pamoja na mambo hayo yalikuja majengo ya ghorofa, mabenki, maduka ya dawa, hoteli na vituo vya petroli. Duka la zamani lilikuwa na mlango wa mbao na dirisha la bati. Duka la sasa lina kioo kikubwa mbele, ili mpita njia aone bidhaa zilizomo ndani.

Lakini vumbi la Isiolo halikuhama. Pepo kavu za katikati ya mwaka hulirusha, malori hulitimua, na mifugo iletwayo sokoni huliongeza. Kioo kilichong'aa Jumatatu huwa na utando wa kijivu ifikapo Alhamisi. Mvua za Machi hata Mei na zile za Oktoba hata Desemba zinyeshapo, vumbi hilo hugeuka matope, nayo hurukia vioo vya chini. Mwenye duka aliyetumia fedha nyingi kununua kioo ili bidhaa zake zionekane, akakiacha na vumbi, amenunua ukuta wa bei kubwa.

Upande wa pili wako watu watafutao kazi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana, na katika sehemu kavu za Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Vijana wengi wa jamaa za wafugaji wameingia mjini wakitafuta kazi ya mikono. Kijana wa namna hiyo akiuza mbuzi mmoja kati ya wachache waliosalia, ili anunue ndoo, kipangusio na ngazi, hachezi. Akikosa wateja, mbuzi huyo hatarudi, na wazee nyumbani hawatampa wa pili. Kwa hiyo yampasa kujua wateja wako wapi kabla ya kununua hata kitambaa kimoja.

Mteja wa mara moja na mteja wa kila juma

Kosa la kwanza la waanzao kazi hii ni kumtafuta mtu yeyote mwenye dirisha. Leo huosha nyumba ya mwalimu, kesho ofisi iliyo mwisho wa mji, keshokutwa hukaa bure. Kila siku huanza upya kutafuta, na nguvu za kutafuta huzidi nguvu za kuosha. Mwenye nyumba huosha madirisha yake ajapo mgeni au ikaribiapo sikukuu, kisha husahau. Hawezi kulaumiwa, maana dirisha la nyumba halimletei fedha.

Mwenye duka ni mtu mwingine. Kioo chake ni sehemu ya biashara yake kama ilivyo mizani yake. Duka la dawa, duka la simu, duka la vitambaa, saluni, hoteli ya chakula, kliniki, ofisi ya chama cha akiba na mikopo, kituo cha petroli: hao wote hutaka kuonekana safi kila siku, wala si siku ya sikukuu pekee. Mteja wa namna hii akilipa shilingi chache kila juma, kwa mwaka mmoja amelipa kuliko nyumba kubwa iliyooshwa mara mbili. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti haba zenyewe zije kwa mfululizo.

Basi hesabu ya mwosha vioo isiwe, "Leo nimepata shilingi ngapi?" Hesabu yake iwe, "Juma lijalo ni wangapi wanaoningojea?"

Mtaa mmoja, siku moja

Kosa la pili ni kutawanya wateja. Msomaji na apige hesabu hii, ambayo bei zake ni za mfano tu. Kijana ana maduka 12 yaliyo katika barabara moja, na kila duka hulipa shilingi 200 kwa juma. Kila duka humchukua dakika 20. Kwa saa nne atakuwa amemaliza yote, na mfukoni ana shilingi 2,400. Kwa majuma manne hizo ni shilingi 9,600, nazo zimetoka katika barabara moja na asubuhi moja ya kila juma.

Sasa maduka hayo 12 yatawanywe mji mzima. Kijana akipanda bodaboda kwa shilingi 50 kila aendapo, nauli yake ni shilingi 600, yaani robo ya mapato yake yote. Akienda kwa miguu na ngazi begani, nauli hakuna, lakini jua litamkuta kazini, na duka la mwisho ataliosha akiwa amechoka. Mteja aliyelipa sawasawa na wengine atapata kazi mbaya kuliko wote, naye hatanyamaza.

Kwa hiyo yafaa achague barabara moja yenye maduka mengi ya vioo na kuishikilia. Jumanne iwe ya barabara hiyo, isiwe Jumatano wala Jumatatu. Wenye maduka wakimwona Jumanne ya kwanza, ya pili na ya tatu, wataizoea sura yake, na wale waliomkatalia mwanzo watamwita wenyewe kwa kuwa jirani yao ang'aa kuliko wao. Barabara moja ikijaa, ndipo aanze ya pili, siku nyingine. Mkulima mwenye akili hapandi mbegu moja katika kila shamba la kijiji; hupanda shamba moja likajaa, kisha huongeza.

Siku yenyewe ichaguliwe kwa kufikiri. Katika Isiolo Waislamu ni wengi, na Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala, basi asijipangie kazi saa hiyo. Katika mwezi wa Ramadhani afanye kazi mapema asubuhi, wala asimsumbue mwenye duka alasiri kwa maneno ya bei. Siku chache kabla ya Idi, na vile vile kabla ya Krismasi, wenye maduka hupenda kila kitu kionekane kipya. Hizo ni siku njema za kumwendea yule aliyekataa mwanzo wa mwaka.

Namna ya kuingia dukani

Vijana wengi huharibu mambo mlangoni. Mmoja huingia wakati duka limejaa wanunuzi, akasema kwa sauti, "Vioo vyenu ni vichafu sana!" Maneno ni ya kweli, lakini amemwaibisha mwenye duka mbele ya watu wake, na mtu aliyeaibishwa hatoi kazi. Mwingine huanza na kilio cha shida zake. Mwenye duka huweza kumhurumia akampa shilingi ishirini, lakini kumpa mtu sadaka si kumpa kazi.

Yafaa aende asubuhi, mlango ukifunguliwa, akiwa na nguo safi, ndoo safi na kitambulisho mfukoni. Asalimu kwa desturi ya mwenye duka, kisha aseme haja yake kwa maneno machache. Mfano wa mazungumzo ni huu:

"Asalaam aleikum, Mzee."

"Waaleikum salaam, kijana. Wataka nini?"

"Mzee, mimi huosha vioo vya barabara hii kila Jumanne asubuhi. Naomba ruhusa nikuoshee kioo kimoja cha mlango, bila malipo. Ukipendezwa tutasemezana juu ya bei. Usipopendezwa, hakuna deni."

"Ninaye mtoto wa kufagia, naye hufuta vioo."

"Najua, Mzee, nimemwona, na ni mtoto mwenye bidii. Yeye na aendelee na sehemu ya ndani na ya chini afikapo kwa mkono. Mimi nitaosha nje na juu, mahali panapotaka ngazi."

"Na bei yako?"

"Vioo vya nje ni sita. Kwa juma ni shilingi mia mbili. Ukitaka kuacha, niambie Jumanne moja kabla, basi."

"Haya, osha hicho kimoja nikione."

Katika mazungumzo hayo yamo mambo manne. La kwanza, kijana ametaja siku yake, hivyo mwenye duka ajua ya kuwa si mpita njia. La pili, ametoa kioo kimoja cha kuonja, wala si duka zima. Mwenye kutoa kazi nzima bure humfundisha mteja kuwa kazi hiyo haina thamani. La tatu, hakumpokonya mtoto wa kufagia riziki yake. Jambo hili ni kubwa kuliko lionekanavyo, maana mtoto huyo ana ndugu na jirani katika mji uleule, naye ndiye awezaye kumwambia tajiri wake kila siku ya kwamba mwosha vioo ni mvivu, au ya kwamba ni mtu mwema. Kazi ikikua na msaidizi akihitajiwa, huenda mtoto huyo akawa wa kwanza kuitwa. La nne, ametaja bei kwa kuhesabu vioo. Bei ikitajwa kwa kutazama uso na nguo za mwenye duka, majirani wataulizana jioni, na ikigunduliwa kuwa mmoja alitozwa 150 na mwenzake 300 kwa vioo vilevile, barabara yote itapotea kwa siku moja.

Mwenye duka akikataa, kijana aseme, "Asante, Mzee, Jumanne nitakuwa hapa hapa," aende zake bila kununa. Lisilowezekana mwezi huu huweza kuwezekana mwezi ujao.

Maji, jua na mpira

Mteja hupatikana kwa maneno, lakini hukaa kwa kazi njema. Maji ya Isiolo si ya kumwagwa ovyo. Kijana amwagaye maji mengi mbele ya duka, na akina mama wakipita na mitungi yao, hujitafutia chuki. Ndoo mbili zatosha maduka kadha: moja ya maji yenye sabuni kidogo sana, na moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Ikiwa maji ya kisima yana chumvi, yakikauka huacha madoa meupe juu ya kioo. Basi akinge maji ya mvua katika mabati wakati wa masika, ayahifadhi kwa kazi ya mwisho, na asiache maji yakauke yenyewe kiooni.

Kwanza vumbi kavu liondolewe kwa brashi laini, kwani vumbi likilowa kabla ya kuondolewa huwa tope, na mchanga wake hukikwaruza kioo. Kisha kioo kipakwe maji ya sabuni, mpira uvutwe toka juu hata chini, na kila uvutwapo ufutwe kwa kitambaa kikavu. Kingo zimaliziwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kioo kipigwacho na jua kali hukausha sabuni kabla ya mpira kufika, na mistari hubaki. Kwa hiyo vioo vitazamavyo mashariki vioshwe jua likiisha kuvipita, na vile vya magharibi vioshwe asubuhi.

Kabla ya kuanza, kijana na mwenye duka wavitazame vioo vyote pamoja, na chenye ufa kiandikwe katika daftari. Asiyefanya hivyo atalipia siku moja kioo ambacho hakukivunja, na bei ya kioo kimoja huweza kumeza mapato ya mwezi mzima.

Ngazi nayo isifanyiwe mzaha. Vioo vya chini na vya ghorofa ya kwanza vyatosha kumpa mtu kazi, na vingine hufikiwa kwa mpini mrefu akiwa amesimama chini. Kuning'inia kwa kamba ni kazi ya waliofundishwa na wenye vifaa vyake. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na tena sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ya mwaka huo huo, ambayo humtaka mwajiri awakatie bima watu wake. Mwenye kuajiri msaidizi hata mmoja ajue ya kuwa amekwisha kuingia katika sheria hizo.

Wateja wakubwa

Barabara mbili au tatu zikiwa imara, mtu aweza kuinua macho. Lakini wateja wakubwa wana desturi zao. Kwanza watauliza jina la biashara. Jina husajiliwa kwa njia ya eCitizen, kibali cha biashara hutolewa na kaunti, na namba ya kodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Tangu Januari 2024 kampuni nyingi hudai ankara ya eTIMS, maana bila hiyo, kwa kawaida, gharama yao haikubaliwi katika hesabu za kodi. Kijana asiyeweza kutoa ankara hiyo huachwa, hata akiosha vizuri kuliko wote.

Benki iliyo Isiolo, mara nyingi, haina amri ya kuchagua mwosha vioo wake. Mkataba wa usafi hutolewa Nairobi kwa kampuni kubwa. Meneja wa tawi akimwambia kijana, "Si mimi," haongopi. Njia ni kuuliza jina la kampuni iliyopewa usafi huo, kisha kuiandikia barua kuomba sehemu ya vioo vya nje. Kampuni iliyo mbali hupendezwa kumpata mtu wa karibu aliye na wateja wa kumshuhudia, na hapo ndipo yale maduka 12 yanapokuwa barua ya sifa.

Hoteli za watalii ni neno jingine. Hifadhi za Buffalo Springs na Shaba zimo katika Kaunti ya Isiolo, na ile ya Samburu iko ng'ambo ya mto Ewaso Ng'iro. Archer's Post, iliyo karibu nazo, ni mwendo wa kilomita kama 35 kutoka mjini. Watalii huwa wengi kuanzia Julai hata Oktoba, basi barua iandikwe Mei, na kazi iombwe mwezi Juni. Ila nauli yapasa kuhesabiwa. Kwenda kwa hoteli moja ni hasara. Wakipatikana wawili au watatu wa kuwaosha kwa safari moja, ndipo pana faida.

Tena liko jambo ambalo wengi hawajaliona. Juu ya mapaa ya shule, kliniki, maduka na vituo vya petroli, na kando ya visima vya maji, zimewekwa paneli za sola. Paneli ni kioo, na vumbi likikitanda, umeme hupungua. Mwenye kisima aonaye maji yakipungua mchana huweza kudhani ya kuwa mashine imeharibika, kumbe ni vumbi. Ndoo ileile na mpira uleule vyatosha kazi hiyo, mradi ifanywe alfajiri paneli zikiwa baridi, maana maji baridi juu ya kioo cha moto huweza kukipasua. Na mtu asiguse nyaya. Mteja wa sola aweza kuonyeshwa faida kwa macho: asome mita kabla ya kuosha, na asome tena siku ya pili saa ileile, ikiwa jua ni lilelile.

Zabuni za serikali

Vijana wengi huanza mahali ambapo wangemalizia. Husikia ya kuwa kaunti, hospitali au idara fulani yatafuta mtu wa usafi, nao huacha kila kitu wakakimbilia zabuni. Si vibaya kuomba. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, pamoja na mpango wa AGPO ulioanzishwa mwaka 2013, imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kujiandikisha katika mpango huo hakuna malipo, na mtu akidaiwa fedha ya kuandikishwa ajue anaibiwa. Aidha kila idara huweka orodha ya wauzaji waliosajiliwa, nayo ndiyo hutazamwa kazi ndogo zitokeapo. Yafaa jina liwemo.

Lakini kuwemo katika orodha si kula. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha, mwaka baada ya mwaka, ya kuwa kaunti za Kenya zina madeni ya mabilioni ya shilingi kwa watu waliokwisha kuzifanyia kazi. Msomaji na atazame mfano huu. Kijana apata kazi ya kuosha vioo vya ofisi kubwa, na kwa kila mwezi huajiri wasaidizi wawili kwa siku sita, kila mmoja shilingi 500 kwa siku. Hizo ni shilingi 6,000. Sabuni, vitambaa na maji ni shilingi 1,500. Basi kila mwezi hutoa shilingi 7,500 mfukoni mwake. Malipo yakichelewa miezi sita, ametoa shilingi 45,000, na bado hajashika hata senti moja. Mwenye kampuni kubwa hungoja. Mwenye ndoo mbili huuza ngazi yake mwezi wa tatu, na mwezi wa nne hukimbiwa na wasaidizi wake, ambao nao wana watoto.

Kwa hiyo kipimo ni hiki: mtu asichukue kazi ya malipo ya kungoja ila ikiwa wateja wake wa kila juma wanaweza kulipa gharama za kazi hiyo kwa miezi sita nzima. Akiwa nao, deni la serikali ni akiba yake. Asipokuwa nao, deni hilo huwa kaburi la biashara yake, ijapokuwa karatasi ya mkataba ina muhuri mzuri.

Macho na mdomo

Mwosha vioo huona mambo mengi. Huona fedha zikihesabiwa, mgonjwa akilia katika kliniki, wenye ofisi wakigombana. Jicho lake na liwe juu ya kioo, na alichokiona kisitoke mdomoni. Asikaribie madirisha ya benki bila askari wa mlango kuarifiwa. Kitu kikipotea dukani siku ya Jumanne, mtu wa kwanza kutajwa ni yeye. Akiwa ametoa risiti, ameandika saa ya kuja na ya kuondoka, na hana neno baya kwa majirani, tajiri atamtetea mwenyewe. Malipo na yapokelewe kwa namba ya simu ya biashara, yakaandikwa siku hiyo hiyo katika daftari, ili fedha za sabuni zisichanganyike na fedha za unga.

Mteja akiacha, aulizwe kwa upole sababu yake. Huenda bei imemlemea kwa kuwa biashara ni mbaya. Basi na aoshewe mara moja kwa majuma mawili mpaka hali ikae sawa. Huenda kazi ilikuwa mbaya. Basi na irudiwe bila malipo. Duka lililopotea hupunguza shilingi 200, lakini maneno ya mwenye duka aliyekasirika hupita barabara nzima kabla ya adhuhuri.

Isiolo hautakosa vumbi, na vioo vyaongezeka. Kijana mwenye ndoo mbili na akatembee barabara moja leo asubuhi, ahesabu maduka yenye vioo mbele, aandike majina yao, na kuchagua siku. Akipata wawili juma hili na mmoja juma lijalo, amekwisha kuanza. Jumanne ikifika na mvua inanyesha, bado aende. Kama haoshi nje, aoshe ndani na kufuta matope ya chini, maana wenye maduka watamtazama zaidi siku ile waliyodhani hatakuja.